Raha, na Anayeilipia

Simoni aliyebebeshwa msalaba wa Yesu alitoka Kirene, mji wa Wayunani uliojengwa karibu na pwani ya kaskazini mwa Afrika, katika nchi ambayo leo ni Libya. Karne nne kabla yake, mji huohuo ulimzaa Aristippus, mwanafunzi wa Socrates, ambaye fundisho lake lilikuwa fupi na la kijasiri: kilicho chema kwa nafsi yake ni raha peke yake, na raha yenyewe ni hii ya sasa, hii inayohisiwa na mwili, wala si ya jana au ya kesho. Socrates hakutoza ada, Aristippus alitoza. Socrates alikataa kutoroka Athens hata kuuokoa uhai wake. Aristippus alikwenda kukaa kwenye jumba la mtawala wa mabavu wa Syracuse, akala na kunywa kwake, na alipolaumiwa alijitetea kwamba kosa ni kutawaliwa na raha, kuwa nayo si kosa. Binti yake Arete aliurithi ualimu huo, akamfundisha mwanawe, na ukoo wao ukawa chimbuko la shule ya Wakirene.

Vizazi vichache baadaye shule hiyo ikamtoa Hegesias. Alishika msingi uleule wa wakubwa wake, kwamba maisha yapimwe kwa raha na maumivu, kisha akakaa kupiga hesabu kwa uaminifu. Mwili unaugua, nafsi inaugua nao, bahati inavunja mipango. Ukijumlisha na kutoa, raha haizidi. Kwa hiyo, akasema, mwenye hekima asihangaike kuitafuta. Ajitahidi tu kukwepa maumivu, na kifo asikione kuwa hasara. Cicero anasimulia kwamba Mfalme Ptolemy alimkataza kufundisha Alexandria kwa sababu baadhi ya wasikilizaji wake walikuwa wakijiua baada ya kumsikia. Falsafa iliyoanzia mezani kwa mtawala wa Syracuse ilifika hapo ndani ya karne moja hivi.

Historia hiyo inanitisha kuliko mahubiri yoyote dhidi ya anasa, maana aliyeifikisha falsafa ya raha ukingoni hakuwa adui yake. Alikuwa mtoto wa nyumbani aliyeichukulia kwa dhati. Inaonyesha pia kwamba swali hili halijibiwi kwa kupanga walevi upande huu na wacha Mungu upande ule. Kwetu tunalijibu upesi mno. Kijana anasema ponda mali, kufa kwaja. Mzee anamrudishia kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Kila mmoja anaondoka akiamini ameshinda. Mimi naamini raha ni jambo jema kweli, na anayeidharau anadharau sehemu kubwa ya ubinadamu. Ila haitoshi kuuliza kama ni nyingi au chache, ya mwili au ya roho. Lipo swali ambalo wanafalsafa wengi wamelipita mbio: nani anailipia? Raha inayostahili kujengewa maisha ni ile ambayo mwenye nayo anaweza kuijua gharama yake yote, akamtazama usoni anayeilipa, na bado ikabaki raha.

Epicurus anakaribia kipimo hicho kuliko wengi. Alizaliwa kisiwani Samos mwaka 341 KK, na mnamo 306 KK alifungua shule Athens katika nyumba yenye bustani, akaishi na marafiki zake. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana na wafuasi wake: ndio Waepikureo waliojadiliana na Paulo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Kwa karne nyingi jina lao limetumika kumaanisha walafi, na katika maandishi ya Kiyahudi jina la mwalimu wao likawa jina la mtu aliyeikana imani. Maisha ya Bustanini yalikuwa mengine kabisa. Chakula cha kila siku kilikuwa mkate na maji. Epicurus alipotaka karamu, alimwomba rafiki amletee chungu kidogo cha jibini. Tamaa alizigawa mafungu matatu. Zipo za asili na za lazima, kama kula, kujisitiri na kupata pa kulala. Zipo za asili zisizo za lazima, kama kutaka vyakula vya kifahari. Na zipo zisizo na asili wala ulazima, kama kutaka sanamu yako isimamishwe mjini. Za kwanza zina kikomo, na kitu kidogo huzitosheleza. Za mwisho hazijui kushiba. Kilele cha raha, kwake, ni mwili usioumwa na nafsi isiyofadhaika, na hakuna kinachomfikisha mtu huko kama marafiki.

Ninachokiheshimu zaidi katika Bustani ile ni unafuu wa bei yake. Raha ya mkate na mazungumzo haidai jasho la watu wengi. Wanawake walikuwemo kama wanafunzi, na watumwa pia, katika mji ambao falsafa ilikuwa shughuli ya wanaume huru. Hata hivyo watumwa wale walibaki watumwa. Wosia wa Epicurus umehifadhiwa na Diogenes Laertius, na ndani yake wanaachwa huru watu wanne: wanaume watatu, mmojawao Mys aliyekuwa akisoma falsafa na bwana wake, na mwanamke aitwaye Phaedrium. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote ya utulivu ule, waliowasha moto na kuteka maji walisubiri mwenye nyumba afe. Tena Epicurus aliwashauri wanafunzi wajiepushe na siasa ili wasifadhaike, ilhali Bustani yenyewe ilistawi ndani ya mji wenye sheria na ulinzi uliosimamiwa na wasiojiepusha. Sisemi haya kumshusha. Yeye ndiye mtetezi bora raha iliyewahi kumpata, na bado ukiifuata bili yake unawakuta watu wanne jikoni.

Karne nyingi baadaye, tabibu Abu Bakr al-Razi wa mji wa Rayy, aliyefariki karibu mwaka 925, aliifafanua raha kwa jicho la daktari. Raha, alifundisha, ni hisia ya mwili kurudi katika hali yake ya asili baada ya kutolewa humo. Maji ni matamu kwa mwenye kiu. Kiu ikiisha, utamu unaisha, na anayelazimisha kuendelea kunywa anaelekea kwenye maumivu. Akaongeza jambo ambalo naliona kubwa: waliozama katika raha fulani hufika mahali ambapo hawaifurahii tena na hawawezi kuiacha. Kwao imekuwa hali ya kawaida, na kuikosa ndiko kunakowaumiza. Hayo ni maelezo ya uraibu yaliyoandikwa miaka 1,100 hivi iliyopita.

Na Imamu Ghazali, ambaye wengi wangemtegemea awe adui wa raha, hakuwa adui yake hata kidogo. Mwaka 1095 aliacha kiti cha ualimu Baghdad, kimojawapo cha vyeo vya juu kabisa vya elimu vya wakati wake, akaondoka kama fukara. Lakini katika kitabu chake Kimia ya Furaha hoja yake ni kwamba kila kiungo kina raha yake: jicho katika sura nzuri, sikio katika sauti nzuri, na moyo katika kujua. Kwa kuwa moyo ndio mkuu na Mungu ndiye mkuu wa vijulikanavyo, raha ya kumjua Mungu ndiyo kilele. Hata mwenye kuuacha ulimwengu, basi, aliuacha kwa kufuata raha iliyo kubwa zaidi. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani dini inataka nyuso zikunjamane. Qurani yenyewe, katika kisa cha Qaruni tajiri, inamwelekeza mtu kwenye Akhera bila kumtaka alisahau fungu lake la dunia.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na jaribio lake, na shahidi wake mkuu ni mshairi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, akiusemesha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya mji wa Pate, kisiwani karibu na Lamu. Anayaonyesha majumba ya matajiri yaliyowaka taa, vyombo vya Kichina vilivyopangwa kutani, vitanda vya fahari na watumishi wa kupepea; kisha anatupitisha humohumo baada ya wenyewe kufa, sasa makazi ya popo na buibui. Vizazi vya wasomaji vimeuchukua utenzi huo kama hukumu: walipenda dunia, dunia ikawatupa.

Kama onyo juu ya mauti, utenzi huo hauna mfano katika lugha yetu. Kama maelezo ya kilichoiua Pate, unapotosha, na ni wasomaji waliousoma hivyo, mshairi hakuandika historia. Pate haikuangushwa na kulia chakula katika sahani za Kichina. Iliangushwa na ugomvi wa kurithiana ufalme, na vita vya muda mrefu na majirani zake, na kushindwa vibaya na Lamu katika vita vya Shela karibu mwaka 1812, kisha mkono wa Oman uliokuja baada ya ushindi huo. Watawala wa Pate wangeweza kula uji mtupu maisha yao yote na bado mji ukafa kwa uroho wa madaraka. Tumezoea kuilaumu raha kwa dhambi za tamaa nyingine, hasa tamaa ya kutawala, ambayo mara nyingi huishi maisha makavu, huamka mapema na haigusi pombe.

Lakini kuna gharama ya kweli ya Pate, na hiyo hukumu ya kawaida haiifikii. Mashamba ya bara yaliyowalisha mabwana wa visiwa vile yalilimwa na watumwa. Waliowapepea mabwana vitandani hawakuwa wageni wa karamu. Ukisimama kwenye magofu ukawaza tu kwamba raha hupita, umewasahau ambao haikuwapitia kamwe. Kosa la majumba yale halikuwa kwamba yalipendeza. Mtu aliyefurahi ndani yake ilimbidi asiuone mkono ulioushika upepeo.

Ndiyo maana sehemu ya historia yetu inayonifundisha zaidi juu ya raha ni Zanzibar baada ya utumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897. Masuria hawakuguswa na sheria hiyo. Wanawake waliowekwa kwa ajili ya starehe ya bwana walingoja mpaka mwaka 1909, kwa hoja kwamba walikuwa kama wake. Kama kuna mtu bado anadhani kwamba swali la nani anailipia raha ni la pembeni, aitazame miaka hiyo 12.

Na waliotoka utumwani walifanya nini na uhuru wao? Walifanya mambo mengi, na moja lililowaudhi wakubwa lilikuwa kujifurahisha hadharani. Mtumwa alikuwa amevikwa merikani na kaniki. Wanawake walioachwa huru walivaa kanga, wakazifuatilia toleo kwa toleo. Walianzisha vyama vya ngoma, wakashindana kwa lelemama na beni, wakajaza viwanja vya mpira katika mitaa yao ya Ng'ambo. Maofisa wa kikoloni waliona upotevu wa fedha na wa nguvu za kazi. Wamishenari waliona ushenzi. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeitafiti Zanzibar ya wakati huo kwa makini, ameonyesha kwamba starehe hizo zilikuwa madai ya uraia. Mtu ambaye mwili wake ulikuwa mali ya mwingine anapouvika kanga nzuri na kuupeleka ngomani usiku wa Jumamosi, anatangaza kwamba mwili huu sasa una mwenyewe. Sijui hoja nzito kuliko hiyo ya kuitetea raha, na waliojenga hoja hiyo hawakuwa na shule wala bustani.

Aliyetoka kati yao na kusikika kuliko wote ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba karibu mwaka 1880, mtoto wa wazazi waliopitia utumwa. Aliuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza muziki, akaichukua taarab iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya kifalme na kuiimba kwa Kiswahili, kwa watu wa Ng'ambo na kwa masultani pia. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, nazo zikaenea pwani yote. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima. Muziki wake ulikuwa starehe, watu walikaa usiku kucha kuufurahia. Na ndani ya starehe hiyohiyo mliimbwa dhuluma za mji.

Wimbo wa Kijiti ni mfano wake. Unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka usiku kwenda kustarehe na akauawa na Kijiti, mwanamume aliyekuwa naye. Muuaji alivukia bara. Wanawake waliomkaribisha marehemu walipokwenda kutoa ushahidi, mahakama iliwageukia wao kwa habari ya pombe iliyonywewa usiku ule, wakafungwa. Hapo unaona jinsi hukumu dhidi ya anasa inavyofanya kazi ikiachwa bila kuulizwa: waliotaka kufurahi wanaadhibiwa, aliyeua anapona. Siti na kundi lake hawakuikubali hukumu hiyo. Waliuweka msiba huo kwenye wimbo, wakauimba mahali pa furaha, mbele ya watu waliokuja kufurahi, na raha yao ikaweza kuubeba ukweli huo bila kuvunjika.

Somo hilo tulilihitaji tena, na hatukuwa nalo mkononi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizovushwa mpakani, kwa hiyo tangu mwanzo uliunganishwa na wenye fedha na mapambo. Kwa miaka mingi mimbarini na redioni ulielezwa kuwa malipo ya starehe. Kuna waliouona hivyo wakajilinda, na siwezi kulipuuza hilo. Lakini wake waliotulia majumbani, ambao hawakuwa na starehe yoyote ya kujutia, waliambukizwa na kuzikwa kwa lugha ileile, na watoto wao wakaitwa matunda ya anasa. Kuilaumu raha kwa ujumla kulituzuia kusema jambo mahususi: kwamba mtu mmoja alifurahi na mwingine akalipa, na aliyelipa hakuwa na uwezo wa kukataa.

Wazungu wa zama za viwanda walijaribu kulitibu tatizo hili kwa hesabu. Mwaka 1789 Jeremy Bentham alichapa kitabu kilichopendekeza kila raha ipimwe kwa ukali wake, muda wake, uhakika wake, ukaribu wake, kama inazaa raha nyingine, kama haina maumivu ndani yake, na inawafikia watu wangapi. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kilichomtofautisha na Aristippus: raha yako haina uzito kuliko yangu. Ni wazo la haki, na lilisaidia kubadili magereza na sheria. Lakini mtoto aliyelelewa ndani ya hesabu hiyo, John Stuart Mill, alipofika umri wa miaka 20, mwaka 1826, alijiuliza kama angefurahi endapo mabadiliko yote aliyoyapigania yangetimia siku hiyo. Akajijibu hapana, akaanguka katika huzuni nzito iliyodumu miezi. Ushairi wa Wordsworth ulikuwa sehemu ya kilichomwinua. Hitimisho lake baadaye lilikuwa kwamba wenye furaha ni wale walioelekeza akili kwenye jambo jingine: kwenye hali za wengine, kwenye sanaa, kwenye kazi inayopendwa kwa ajili yake yenyewe. Nakubaliana naye, ila naona fundisho lake limegeuzwa kuwa kisingizio cha kumwambia mchovu aendelee tu na kazi, raha itamkuta hukohuko. Kwa mtu aliyechagua kazi yake, itamkuta. Kwa aliyelazimishwa, haina ahadi hiyo.

Maabara ikaja kuongeza jambo ambalo Hegesias na Razi walilihisi. Mwaka 1954, Montreal, James Olds na Peter Milner walipachika waya mwembamba kwenye ubongo wa panya, wakamwezesha kujipa mshtuko mdogo wa umeme kwa kubonyeza wenzo. Panya walibonyeza bila kuchoka. Majaribio yaliyofuata yaliwaonyesha wakibonyeza mara mamia, hata maelfu kwa saa, wengine wakiacha chakula. Ilidhaniwa kwamba kituo cha raha kimepatikana. Baadaye utafiti wa Kent Berridge na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan ulitenganisha mambo mawili tuliyoyachanganya: kutamani kitu na kukifurahia. Dopamini hasa huendesha kutamani. Panya aliyeondolewa dopamini haendi kukitafuta chakula, lakini sukari ikiwekwa ulimini mwake uso wake unaonyesha bado inampendeza. Na kinyume chake kinawezekana: kutamani kwa nguvu kisichofurahisha tena.

Hapo ndipo mjadala wa kale unapokutana na simu iliyo mfukoni mwa kijana wa Nairobi au Mbeya. Anayebeti kila siku haitafuti raha kwa maana ambayo Aristippus angeitambua. Mtazame anapofuatilia mkeka wake wa kubeti dakika za mwisho za mechi, halafu mkeka unachanika, naye anatengeneza mwingine palepale. Usoni mwake kuna kazi, starehe haipo. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iligoma kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, mgogoro ukiwa juu ya kodi, na baadhi zikarejea sokoni baadaye. Biashara hiyo inaishi katika pengo kati ya kutamani na kufurahia, na inalipanua kwa makusudi, kwa milio, kwa bonasi, kwa ushindi mdogo uliowekwa karibu. Wahubiri wanapomwambia kijana huyo kwamba anapenda raha mno, wanamkosea. Ana raha kidogo mno, na kilichobaki amenyang'anywa na watu wanaojua wanachofanya. Karo ya mdogo wake ndiyo inayolipa, na hiyo ni gharama ambayo hawezi kuitazama. Akiitazama, simu itamponyoka mkononi.

Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick aliuliza kama tungekubali kuunganishwa maisha yote na mashine inayotupa kila hisia tamu, huku tukielea tu ndani ya tangi. Wengi hukataa, na naona sababu yao ni njema: hatutaki raha inayotudai tusijue. Ila swali lake lilikuwa la mtu mmoja na tangi lake. Zipo raha za kutojua zinazokaliwa na jamii nzima, na hizo hazihitaji mashine.

Kwa kuwa tunazungumzia jamii, nizisemee harusi zetu, maana ndizo zinazoshtakiwa sana. Kamati inaundwa, ahadi zinaandikwa, michango inadaiwa kwa ujumbe wa simu hadi usiku wa manane, ukumbi, mapambo, mshereheshaji, na kwa usiku mmoja zinateketea fedha ambazo zingesimamisha boma la nyumba. Wachambuzi wa uchumi wa nyumbani wanaiona kuwa hasara tupu. Mimi siioni hivyo. Jirani aliyechangia anakula pilau akijua imetoka wapi. Amechangiwa au atachangiwa. Mama wa bibi harusi anacheza mbele ya watu waliomlea mwanawe. Raha hiyo inajua gharama yake hadi shilingi ya mwisho, iko kwenye daftari la mweka hazina. Inapoharibika ni pale mchango unapokuwa amri, mwenye mshahara mdogo anapokopa kwa riba asiaibike, na kadi inapopandishwa bei ili maskini wa ukoo wabaki nje ya ukumbi wakisikiliza muziki. Hapo sherehe imeshaanza kuhitaji watu wasioonekana.

Na wasioonekana wengine wako jikoni. Harusi ya Kiswahili inapikwa na wanawake waliokesha wakichambua mchele na kumenya vitunguu. Wengi wao wanafurahia kazi hiyo, kwa nyimbo na utani, na siku ya harusi ya wanao wenzao watakesha. Mzunguko huo ni haki. Lakini yumo pia yule asiye na zamu ya kukeshewa, binti aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi za ndani, ambaye atasafisha ukumbini, atarudi nyumbani alfajiri kuosha, na asubuhi atamwandaa mtoto wa shule.

Tukitaka kujua msimamo wetu wa kweli juu ya raha, tuanzie kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unawapa wafanyakazi wa majumbani saa hizohizo 24. Katika nyumba nyingi za wastani, zikiwemo za watu wanaochapa makala juu ya haki na za wanaosali mara tano, binti huyo anaamka saa kumi na moja na hana Jumapili. Akiomba kutoka, anaulizwa anakwenda kwa nani. Akirudi amesuka nywele, inasemwa kwamba mjini kumemharibu. Akinunua simu kwa mshahara wake, anaitwa mpenda anasa na mwajiri ambaye ametoka wikiendi ufukweni na ameiita mapumziko. Anadai siku yake kwa wiki, na mshahara usiokatwa kwa ajili ya siku hiyo, na mlango anaoweza kuutokea bila kueleza raha yake ataitumia wapi.